Pampu za baiskeli za kubeba: hii loki ya mpini ni ya kufungia nini hasa?

Wakuu, poleni na majukumu. Leo sina salamu ndefu, nina hasira.

Nazungumzia hizi pampu fupi za aluminiamu, zile zinazofungwa kwenye fremu pembeni ya kishikio cha chupa ya maji. Kujaza upepo zinajaza, hapo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni loki ya mpini. Ukimaliza kujaza unausukuma mpini hadi mwisho, unauzungusha robo, unasikia "tak", unaondoka ukijua umefunga. Hujafunga kitu.

Nieleze ilivyo, maana wanaoziuza wengi hata hawajawahi kuitazama. Kwenye kifuniko cha bomba kuna vijino viwili vya plastiki, kimoja huku kingine kule. Ndani ya mpini kuna mfereji unaoingia wima halafu unakata kona. Vijino vinapita kwenye mfereji, ukizungusha vinajificha nyuma ya kona. Imeisha hiyo. Hakuna springi, hakuna kigololi cha kuubana mpini usirudi ulikotoka, hakuna hata kiraba cha kuufanya uwe mgumu kidogo. Kinachoushikilia ni plastiki kusuguana na plastiki, na kajino kenyewe hakazidi punje ya mchele.

Sasa kipitishe kitu hicho kwenye rasta za barabara zetu, vile vituta vyembamba vilivyopangwa mfululizo. Tunaoendesha baiskeli hapa Moro (Morogoro) mnatuelewa: rasta, tuta, rasta tena, halafu ukiacha lami unakutana na makorongo. Kila mtikisiko unauzungusha mpini kidogo. Kona za vijino zinalika, zinakuwa mviringo, na zikishakuwa mviringo hata ile "tak" huisikii tena. Kuanzia hapo mpini unachomoka wenyewe njiani, shafti yote nje. Mimi ulinigonga goti nikiwa nateremka kwa kasi, nyuma yangu kuna bajaji inapiga honi. Ningeenda chini pale, nani angeniambia habari za "ofa ya wiki hii"?

Goti linapona. Kinachoua pampu ni vumbi. Shafti ina grisi, ikikaa nje inakusanya mchanga wa barabarani, nawe ukishtuka unairudisha ndani na mchanga wake. Fundi alipoifungua yangu aliipangusa shafti kwa kitambaa cheupe, kitambaa kikatoka na tope la kijivu linalochoma vidole kama msasa. Ile oringi, raba ya mviringo ya kwenye pistoni inayozuia upepo usipite, ilikuwa imechanika upande mmoja, na ndani ya bomba kuna mikwaruzo mirefu unaihisi kwa ukucha. Pampu ya namna hiyo unaisukuma hadi jasho linakutoka, upepo unapita pembeni ya pistoni, tairi linakutazama tu. Kwa hiyo asije mtu kuniambia eti loki ni kitu kidogo. Loki ndiyo iliyoua pistoni.

Nikamtafuta muuzaji. Simtaji, ana wateja wake na mimi sina muda wa kesi. Jibu lake nanukuu: "Bosi wangu, pampu si inajaza? Hiyo loki ni urembo tu." Urembo! Tangazo lako mwenyewe ndugu yangu liliandika "mpini una loki imara, haifunguki safarini". Nimetoa 35,000 kwa sababu ya hayo maneno. Kubadilishiwa hataki, anasema nimeitumia kwa nguvu. Nguvu gani? Hebu tupige hesabu. Pistoni yenye kipenyo cha milimita 20, ikipeleka upepo kwenye tairi lenye PSI 60, inahitaji msukumo wa kama kilo 13. Kwenye boksi mmeandika pampu inafika PSI 120, yaani msukumo wa kilo 26 na ushee. Mashine inayojigamba kubeba hiyo inavunjwa na rasta?

Halafu ananielekeza niigeuze, mpini uangalie juu ili uzito wake uubakize ndani. Niligeuza. Ukipanda kwenye makorongo mpini unaruka vilevile, tena sasa uko karibu zaidi na goti.

Kuna jambo jingine watengenezaji wanalijua na hawaandiki popote. Pampu nyingi za hivi zina kiraba cha kuziba mdomo usiingie uchafu. Ukikiweka kwanza, halafu ndiyo ukausukuma mpini, upepo uliomo ndani unakosa pa kutokea, unabanwa. Unakaa humo unausukuma mpini nje muda wote, na vijino ndivyo vinavyobeba. Ukiiacha baiskeli juani hewa inapata moto, inasukuma zaidi. Sukuma mpini kwanza, ziba mdomo baadaye. Mstari mmoja tu huo kwenye boksi ungetosha, lakini nafasi yote imejaa picha ya Mzungu anapanda mlima.

Wazee humu watakumbuka pampu ndefu za chuma za kwenye Phoenix na Raleigh. Zile hazikuwa na loki ya aina yoyote. Fremu ilikuwa na vijiti viwili vimechomelewa, pampu inakaa katikati imebanwa, na nyingine mpini una springi ndani inayosukuma dhidi ya kijiti. Fremu yenyewe ndiyo ilikuwa loki. Ndani kuna ngozi, ikikauka unaitia mafuta, inaendelea. Hawa wa sasa wamefupisha pampu, wakaiondoa kwenye vijiti, wakaibandika kwenye klipu, kazi yote ya kuushika mpini wakawaachia vijino viwili vya plastiki. Ajabu ni kwamba wanajua kutengeneza loki nzuri. Angalieni kichwani, ule mkono mdogo unaobana kwenye valvu: wa chuma, una kiungo cha pini, ukiubana umebana. Wameuweka pale unapotumika dakika chache. Loki inayofanya kazi usiku na mchana, barabara nzima, ndiyo wakaitengeneza kwa plastiki ya vifuniko.

Na risiti imeandikwa "mali ikishauzwa hairudishwi". Sikilizeni, maandishi hayo hayafuti sheria. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iwe na ubora unaofaa kuuzwa, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mteja kuhusu bidhaa. Tume ya Ushindani inapokea malalamiko ya walaji. Najua mtaniambia nani ataenda huko kwa ajili ya pampu ya 35,000, na ndicho wanachotegemea.

Kwa sasa nimeufunga mpini kwa mpira wa tyubu, ule tunaofungia mizigo kwenye karia. Haujawahi kufunguka. Mpira wa bure kutoka kwa fundi pancha unafanya kazi iliyowashinda wahandisi wa kiwanda.

Swali langu kwa wadau: nani ameona hapa nchini pampu ya kubeba ambayo mpini wake unafungwa kwa nyuzi za chuma za kuzungusha kama skrubu, au una kigololi cha springi? Iwe inakubali valvu ya gari, tairi zangu ni 26 x 1.95. Picha ya loki ikiwa wazi, tafadhali, sitaki picha ya boksi. Na kama fundi gani hapa Moro anaweza kuchonga kifuniko cha aluminiamu chenye vijino vyake, aseme bei hapahapa hadharani. Wenye jibu la "nunua ile ya kukanyaga kwa miguu" pitieni tu, nikipata pancha porini siwezi kurudi nyumbani kuifuata.