Je, mzee anayepoteza uoni aruhusiwe kununua tiba ya seli shina isiyoidhinishwa?

Mleta mada: Makula ni sehemu ya katikati ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) tunayoitegemea kusoma na kutambua nyuso, na kuzorota kwake huwapata wengi uzeeni. Kwa aina kavu ya ugonjwa huu, dawa mbili zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2023 hupunguza tu kasi ya uharibifu, wala hazirudishi uoni uliokwisha kupotea. Utafiti wa seli shina, yaani seli zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, unaendelea, lakini mzee wa miaka 80 hana muda wa kuusubiri. Naona ni haki yake, akiwa na akili timamu, kulipia kliniki iliyo tayari kumtibu sasa. Anayepinga atoe sababu.

Mchangiaji: Hoja hiyo inachukulia kwamba mzee huyo hana tena cha kupoteza, jambo ambalo si kweli, kwani makula ikifa uoni wa pembeni hubaki, na ndio unaomwezesha kutembea nyumbani kwake bila kushikwa mkono. Taarifa ya kitabibu iliyochapishwa mwaka 2017 inaeleza habari za wanawake watatu wa Florida, wa umri wa miaka 72 hadi 88, waliotolewa mafuta mwilini kisha wakadungwa seli zilizotokana nayo katika macho yote mawili siku ileile, kwa malipo ya dola 5,000 kila mmoja. Mmoja alipofuka kabisa, na wenzake wakabaki na uoni hafifu mno. (Macho yote mawili kwa mara moja! Hata daktari wa mtoto wa jicho kwa kawaida hungoja jicho la kwanza lipone.)

Kule Kobe, Japani, Septemba 2014, kikundi cha mtafiti wa macho Masayo Takahashi kilipandikiza seli katika jicho moja tu la mgonjwa, seli zilizotengenezwa kutokana na ngozi yake mwenyewe. Uoni wake haukuboreka wala haukudhoofika. Mwaka 2015 kikasitisha upandikizaji wa mgonjwa wa pili, baada ya kukuta mabadiliko ya jeni katika seli zake. Kliniki inayolipwa kwa kila sindano ingesitisha kwa faida gani?

Mleta mada: Na kama sheria ingekataza malipo, ikaruhusu jicho lililo bovu zaidi peke yake?

Mchangiaji: Nisingepinga, mradi matokeo yatangazwe hata yakiwa mabaya. Ila hapo si biashara tena, ni utafiti, na kliniki ulizokuwa ukizitetea sidhani kama zingeyakubali masharti hayo.