Mashine za masikio za baba: moja inakata asubuhi, nyingine inapiga mluzi

Binti wa Mzee
Habari zenu wakuu. Baba yangu ana miaka 74, anavaa mashine za masikio za kumsaidia kusikia, zile zinazokaa nyuma ya sikio, zina kimrija kinachoshuka hadi kwenye moldi iliyochongwa kwa umbo la sikio lake. Ya kushoto asubuhi haitoi sauti kabisa, ikifika mchana inarudi yenyewe. Ya kulia inapiga mluzi akitafuna au mjukuu akimkumbatia. Na betri zake, zile za stika ya rangi ya chungwa, hazifikishi hata siku nne. Uchafu si tatizo, mzee ni msafi kupindukia: kila asubuhi anaosha moldi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, anafuta, anavaa. Jamaa mmoja ametuambia zimeshakufa, tununue mpya. Mwenye uzoefu anisaidie.

Kamanda77
Betri weka kwenye friji, zitadumu. Moldi futa kwa spiriti, inaua vijidudu vyote. Tatizo limekwisha.

Sikio Mbili
Dada, usinunue chochote kwanza. Mimi navaa hizi tangu nikiwa shule ya msingi, na katika kila mashine kumi ninazoletewa na majirani kwamba "imekufa", nyingi ukiiangalia vizuri ni nzima.

Anza na ya kushoto. Kesho asubuhi ikigoma, ishike ile ndoano ya plastiki ngumu ya mashine, inayopita juu ya sikio, kwa mkono mmoja na mrija kwa mwingine, vitenganishe taratibu. Inua mrija kwenye mwanga wa dirisha. Nakuhakikishia utaona tone la maji limekaa pale mrija unapokunja kona. Ni dogo kama kichwa cha kiberiti, lakini sauti haipiti. Mzee anafuta nje, ndani kumebaki maji. Ikifika mchana joto la mwili limeshakausha, ndiyo maana inarudi "yenyewe".

Mashine ikiwa bado mkononi bila mrija, iwashe uifumbate kiganjani. Ikilia mluzi, iko hai. Basi shida iko chini yake: mrija, moldi au sikio lenyewe. Isipolia, badilisha betri ujaribu tena. Ikinyamaza hata kwa betri mpya, hapo ndipo pa kuipeleka kwa mtaalamu.

Dawa ya tone ni kile kipulizio cha mpira cha kuminya. Unachomeka kwenye mrija, unaminya mpaka maji yatokee upande wa moldi. Usipulize kwa mdomo, pumzi yako yenyewe ina unyevu. Na moldi ioshwe usiku ili ilale ikikauka, na kila ikioshwa itenganishwe kwanza na mashine. Mashine yenyewe haiguswi na maji, ni kitambaa kikavu tu. Wakati wa kurudisha, angalia rangi: nyekundu kulia, bluu kushoto. Hakikisha pia mrija haujajipinda, moldi ikikaa kinyume haitaingia sikioni.

Huo mluzi wa kulia ni sauti inayovuja pembeni ya moldi na kurudi kwenye maikrofoni. Mtu akitafuna taya linasogea, tundu la sikio linabadilika umbo, upenyo unapatikana. Minya mrija kwa vidole. Ukiwa mgumu na umeshakuwa wa njano, umechoka, huwa unabadilishwa kila baada ya miezi mitatu hadi sita na wazee wengi hawaambiwi. Kama ni laini bado, angalia kama mzee amepungua mwili siku hizi, maana moldi hulegea mtu akikonda. Na nta: sikio likijaa nta sauti inagonga ukuta inarudi. Aangaliwe na daktari, msimchokonoe kwa pamba za vijiti, zinaisukuma ndani zaidi.

Kamanda, samahani ndugu yangu, lakini hapana. Betri ikitoka kwenye friji inashika umande na yale matundu yake madogo yanaziba. Zikae mahali pakavu penye joto la kawaida la chumba. Na spiriti inakausha plastiki ya moldi mpaka inapasuka.

Dada, kuhusu betri nina swali moja: mzee anabandua stika lini?

Binti wa Mzee
Umenichekesha. Anabandua zote siku pakiti inapofunguliwa! Anasema vidole vyake vinamsumbua, afadhali afanye kazi mara moja. Halafu anazibeba kwenye mfuko wa shati pamoja na funguo.

Sikio Mbili
Hahaa, mzee kajimaliza mwenyewe. Hizo ni betri za zinki na hewa. Stika ndiyo mlango wake: ukiibandua hewa inaingia na betri inaanza kujila hata ikiwa mezani, na ukirudisha stika haisimami. Namba 13 kama zake kwa kawaida hupita wiki. Abandue moja tu anapoihitaji, aiache wazi dakika chache ivute hewa, ndipo afunge kijilango cha betri. Funguo nazo zinaunganisha pande mbili za betri, inaisha kimyakimya. Usiku kijilango kiachwe wazi, betri inapumzika na unyevu unatoka.

Kama vidole vinamsumbua, vipo vijiti virefu vyenye sumaku nchani vya kubebea betri. Mwachie aendelee kufanya mwenyewe, usimnyang'anye kazi.

Na hao wajukuu: betri ikimezwa ni hatari kubwa, inaunguza koo. Mtoto akimeza, hospitali papo hapo. Hata mzee mwenyewe asiziweke karibu na vidonge vyake, zinafanana.

Mama Pacha
Naongezea kwa wenye zile ndogo zisizo na mrija, zenye kiwaya chembamba na kispika ndani ya sikio: hizo HAZIOSHWI kabisa. Sauti ikififia, badilisha kile kichujio cheupe cha nta kwenye ncha. Mwanangu anazo, kila asubuhi nasimama nyuma yake asinione mdomo, nasema *a, u, i, m, s, sh*. Zinaitwa sauti sita za Ling, zinagusa sauti nene hadi nyembamba. Akikosa *s* peke yake najua kichujio kimeanza kuziba kabla hata yeye hajalalamika.

Binti wa Mzee
Tone nimeliona kwa macho yangu! Kiganjani mashine inalia vizuri tu, na mrija wa kulia ni mgumu na wa njano, tunaupeleka Jumatatu. Shida moja: usiku hataki kuosha, anavua akiwa ameshazima taa.

Sikio Mbili
Basi asioshe kila siku. Akiamka apitishe kile kibrashi kidogo kutoa nta, kikavu, inatosha. Kuosha kuwe mara moja au mbili kwa wiki, wakati wa usingizi wake wa mchana. Na kando ya kitanda mwekee kikopo chenye mfuniko na vile vipunje vya kufyonza unyevu, azitumbukize mashine humo gizani, vijilango vikiwa wazi, betri azitoe aziweke pembeni kwa sababu vipunje vinazikausha. Vipunje vikibadilika rangi vimeshiba, fuata maelezo ya kwenye pakiti.

Kama mna mbwa ndani, kikopo kikae juu kabisa. Wanapenda kuzitafuna, sijui kwa nini.