Wiki moja bila skrini: tuwashirikishe vipi wazazi?

Mwalimu, Jinja
Ndugu zangu, salaam. Nafundisha darasa la sita katika shule ya msingi, na tunapanga kuwaomba wanafunzi na familia zao wakae wiki moja ya muhula wa pili bila televisheni, video wala michezo ya simu. Watoto wengi husinzia kabla ya saa nne asubuhi, na ukiwauliza hukiri kwamba walikuwa na simu ya mama hadi usiku wa manane. Nachelea kwamba wazazi wataiona kama adhabu, au watatia saini barua yetu kisha waendelee na mambo yao. Tufanyeje ili nyumba nzima ishiriki?

Mzazi, Arua
Mwalimu, nakupongeza, lakini anzeni na shule yenyewe. Shule za Uganda zilipofungwa kwa sababu ya korona, zote au baadhi ya madarasa, tangu Machi 2020 hadi Januari 2022, tuliambiwa masomo yafuatwe redioni, kwenye televisheni na kwenye simu, na mazoea hayo hayakwisha zilipofunguliwa: hadi leo kazi za likizo za wanangu huletwa kwenye kundi la WhatsApp. Mtoto huomba simu kwa ajili ya hesabu, nami nikigeuka tu namkuta kwenye vichekesho. Wiki hiyo toeni kazi kwenye karatasi, au waziandike kutoka ubaoni.

Tena msituambie tuzime simu kabisa, kwa maana hela, wateja na habari za wagonjwa hupitia humo. Kwangu, ikifika saa moja jioni laini huhamia kwenye katochi, simu ndogo ya vitufe, na simu kubwa hufungiwa kabatini, yangu ikitangulia. Baba anayeperuza simu huku anamega ugali hana la kumwambia mtoto.

Muuguzi, Mbarara
Kuhusu kusinzia, mwanga wa skrini usiku huchelewesha melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala, na msisimko wa mchezo wenyewe humzidishia mtoto kukesha. Kwa hiyo nyumba ikishindwa wiki nzima, ipiganie walau saa moja ya mwisho kabla ya kulala. Msiwasahau wadogo zao: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unataka watoto wa miaka 2 hadi 4 wasizidishe saa 1 kwa siku. Kucheza nje mchana pia hupunguza uwezekano wa mtoto kupata tatizo la kutoona vizuri vitu vya mbali.

Mkazi, Kisenyi, Kampala
Naafiki, ila mtaani kwetu ukizima televisheni bila kuwapa watoto shughuli, utawakuta kwenye kibanda cha video wakimsikiliza msimulizi aitwaye VJ akitafsiri filamu kwa Kiluganda. Wapeni kwepena, mchezo wa kukwepa mpira, uwanjani jioni, na usiku omweso, bao la kwetu. Ubao wa mashimo 32 na mbegu 64 unatosha kuwaweka babu na mjukuu wakibishana hadi wakati wa kulala, na asiye na ubao huchimba mashimo uani.

Mwalimu, Jinja
Nashukuruni. Suala la karatasi nitalifikisha kwa mwalimu mkuu, ingawa najua atauliza gharama ya wino, hivyo huenda tukatumia ubao. Barua ya wazazi nayo nitaiandika upya, itaje saa ya kufungia simu kabatini, na walimu tutie saini kwanza.