Mtori wa bibi na mtoto anayesafishwa damu

Mama wa Kibosho:
Habari zenu, wanajukwaa. Mwanangu ana umri wa miaka 9, na figo zake zimeshindwa, na tangu mwezi wa tatu anasafishwa damu kwa mashine hapa Moshi kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa muda wa saa 4 kila mara. Siku za wiki nampikia mwenyewe, lakini Ijumaa jioni tunapanda Kibosho kwa bibi yake, ambaye kwake mtori, yaani supu nzito ya ndizi, ndicho chakula cha mgonjwa, na kumnyima mtoto mtori ni sawa na kumnyima dawa. Jumatatu iliyopita vipimo vilionyesha kwamba potasiamu, madini yanayotoka kwenye chakula, imepanda sana kwenye damu, nami nikaonywa bila kuelezwa cha kufanya. Je, ni lazima mtori uachwe kabisa? Na kusafisha kwa njia ya tumbo, ambako nasikia hufanyika nyumbani, kungemfaa zaidi?

Muuguzi, Arusha:
Dada, pole na kuuguza. Kilichonishtua mimi ni siku ambazo mtori huo unaliwa. Kutoka Ijumaa hadi Jumatatu ndilo pengo refu kuliko yote katika wiki yake, na kwa kuwa figo zake haziwezi kutoa potasiamu, anachokula Jumamosi na Jumapili hurundikana kwenye damu hadi arudi kwenye mashine. Ikizidi huvuruga mapigo ya moyo, na mara nyingine hakuna dalili inayotangulia; mtoto anaweza kuwa anacheza kama kawaida. Akilegea ghafla au mapigo yake yakienda ovyo, mpeleke hospitali saa hiyohiyo.

Tatizo la mtori ni kwamba ndizi, ambazo zina potasiamu nyingi, huchemshwa na kupondwa ndani ya maji yaleyale, hivyo potasiamu iliyotoka hubaki sufuriani. Tena ni chakula cha majimaji, na kila bakuli lihesabiwe katika kiasi cha maji alichoruhusiwa kwa siku. Ndizi zikimenywa, zikakatwa vipande vidogo, zikachemshwa kwenye maji mengi na maji hayo yakamwagwa kabla ya kuungwa, sehemu ya potasiamu huondoka, ingawa si yote. Kiasi cha kumpa akipange mtaalamu wa lishe baada ya kuona vipimo vyake. Mwombe miadi, ni haki yako.

Mama wa Machame:
Kwetu nusu ya ugomvi ilikuwa maparachichi, maana nayo yana potasiamu nyingi, lakini yanaanguka uani bure na hakuna anayeyaona kuwa ni hatari. Wali mweupe na ugali wa sembe vilitusaidia zaidi. Angalieni pia magadi kwenye kiburu, kile chakula chetu cha ndizi na maharage, kwa sababu yana sodiamu, na sodiamu huleta kiu kwa mtoto ambaye hatakiwi kunywa maji mengi. Msinunue chumvi mbadala inayosifiwa kuwa salama kwa wenye presha, kwani nyingi hutengenezwa kwa potasiamu. Mama mkwe wangu hakunisikiliza hata siku moja, hadi nilipokwenda naye kliniki akaelezwa na daktari mwenyewe.

Baba, Moshi mjini:
Kuhusu kusafisha kwa njia ya tumbo: KCMC, hospitali ya rufaa ya hapa Moshi, wametumia njia hiyo tangu mwaka 2009 kwa watu ambao figo zao zimeshindwa ghafla, na wengi wa aina hiyo figo huweza kurudi kufanya kazi. Kwa tatizo la kudumu ni jambo jingine, kwa sababu maji ya dawa huingizwa na kutolewa kupitia mpira wa tumboni kila siku. Faida yake ni kwamba damu husafishwa bila mapengo marefu, masharti ya chakula hulegea kiasi, na mtoto hakosi shule siku tatu kwa wiki. Hata hivyo, kabla ya kuomba kubadilishiwa, hakikisheni mifuko ya dawa itapatikana mwezi hadi mwezi, na kwamba mna chumba safi. Maji yakitoka na ukungu, au akipata homa na maumivu ya tumbo, hiyo ni dalili ya maambukizi na haisubiri.

Mama wa Kibosho:
Asanteni sana. Nimezungumza na bibi jioni hii. Amekubali kushuka nasi Jumatatu, ila amesema atakuja na ndizi zake ili daktari amwonyeshe ni ngapi.