Rekebisho la vifupisho vya siku katika maktaba ya Babel litumwe wapi?

Mchapa Risiti
Habari zenu, wanajukwaa. Ninaandika kwa lugha ya Python programu ya kuchapa risiti za duka, na kwa upande wa tarehe ninatumia maktaba ya Babel (msimbo ulioandikwa tayari na wengine) kwa sababu inakijua Kiswahili. Miezi inafupishwa vizuri (Jan, Feb, Mac, hadi Des), ila siku za wiki, hata ninapoomba umbo fupi, zinakuja nzima nzima: Jumatatu, Alhamisi, Jumamosi. Karatasi ya risiti ni nyembamba, kwa hiyo tarehe inakatika na kuangukia mstari wa pili. Nimelifungua faili la sw.dat lililomo ndani ya maktaba, nikikusudia kulisahihisha na kuwatumia watunzaji, lakini halisomeki. Je, rekebisho la namna hii hutumwa wapi, na kwa sasa nifanyeje?

Fundi wa Tanga
Ndugu, umefanya vyema kuuliza kabla ya kutuma. Babel haitungi data za lugha. Inazichukua kutoka CLDR, hazina ya data za lugha inayosimamiwa na shirika la Unicode Consortium, na faili ulilolifungua huzalishwa kwa mashine kutokana na faili la sw.xml la hazina hiyo. Hata ungefaulu kulibadilisha, mabadiliko yako yangefutika siku utakayosakinisha toleo jipya, na watunzaji wa Babel wasingekuwa na pa kuyaweka, kwani faili hilo halihifadhiwi katika ghala lao la msimbo.

Kabla ya kuandika ripoti yoyote, linganisha kile ambacho Babel inakupa na kile kilichoandikwa katika sw.xml. Vikitofautiana, kosa ni la Babel, nawe uwaeleze toleo la Babel na la Python unayotumia, mistari michache ya msimbo inayoonyesha tatizo bila programu yako yote ya risiti, ulichotarajia na ulichopata. Vikilingana, kama ninavyoamini vitalingana hapa, basi shauri hilo ni la CLDR, ambako mapendekezo hupokelewa kwa tiketi (ripoti inayofunguliwa mtandaoni) au kupitia Survey Tool, chombo kinachofunguliwa kwa misimu na ambamo wachangiaji hupiga kura. Kura ya mgeni ina uzito mdogo kuliko ya mwakilishi wa taasisi, kwa hiyo usitarajie jibu la kesho.

Mhariri Mstaafu
Naongeza jambo moja ambalo mafundi hulipita haraka: utapendekeza kifupisho kipi? Data za Kiswahili cha Tanzania katika glibc, maktaba ya msingi ya mifumo mingi ya Linux, zinaandika J3 kwa Jumatatu, nayo Moment.js, maktaba ya tarehe ya JavaScript, ina Jtat kwa umbo fupi, na J3 kwa umbo fupi zaidi. Mimi binafsi J3 naiona inafaa kwa ujumbe wa simu, si kwa hati, tena humchanganya mgeni anayedhani ni siku ya tatu ya juma lake. Huenda jina zima liliachwa kwa sababu hiyo hiyo, ingawa hilo ni dhana yangu tu. Tiketi yako iambatane na mifano ya matumizi halisi, kama kalenda za ukutani, ratiba za shule na magazeti, la sivyo itaonekana ni ladha ya mtu mmoja.

Fundi wa Tanga
Nakubaliana na Mhariri. Kwa risiti zako za leo, tunga orodha yako ya vifupisho saba ndani ya programu, uchague kwa namba ya siku inayotolewa na weekday(), amri ya Python. Angalia tu kwamba Python huihesabu Jumatatu kuwa 0, ilhali jina lenyewe linahesabu kutoka Jumamosi. Mwenye kuandika J3 akasahau hilo, risiti zake zote zitakosea siku.

Mchapa Risiti
Ahsanteni sana. Nimelinganisha, na sw.xml nayo ina majina mazima katika umbo fupi. Nimeweka orodha yangu kwa kutumia Jtat na wenzake, na tarehe sasa inaenea katika mstari mmoja. Tiketi nitaiandika nikishapiga picha za kalenda za hapa mtaani, maana nilizoziona hadi sasa hazikubaliani hata zenyewe kwa zenyewe.