Naombeni ushauri: OK Computer ya Radiohead inasifiwa kila kona, mbona kwangu haiingii?

Mleta uzi

Wakuu, habari zenu. Muziki wa roki nimeusikiliza kwa muda mrefu, hasa ule unaoitwa roki mbadala, na albamu nyingi zinazotajwa kuwa bora nimezipenda bila kushawishiwa na mtu. Iliyonishinda ni OK Computer ya Radiohead, kundi la Uingereza, iliyotoka mwaka 1997. Mwaka uliofuata ilipewa Grammy ya albamu bora ya muziki mbadala, na hadi leo vijana ambao hawakuwa wamezaliwa ilipotoka wanaiandikia sifa ndefu.

Mimi nikiisikiliza nachoka. Thom Yorke, mwimbaji wao, anaburuta maneno kiasi kwamba nusu ya mashairi yananipita. "Paranoid Android" inabadilika mwendo mara kadhaa ndani ya dakika sita na ushei, na kila ninapoanza kuizoea inageuka kuwa wimbo mwingine. Kisha katikati ya albamu inakuja "Fitter Happier", ambayo kwangu si wimbo hata kidogo, bali ni sauti ya mashine inayosoma orodha ya maagizo ya kuishi vizuri. Nilitarajia magitaa, nikapata huzuni ya ofisini.

Naomba maoni ya dhati kutoka kwa walioipenda na wasioipenda. Je, kuna nyimbo za kuanzia, au ni lazima kuisikiliza yote kwa mpangilio wake? Nikiiruka "Fitter Happier" nitakuwa nimepoteza kitu? Au niachane nayo tu?

Mpiga Besi

Mkuu, mashairi yaweke kando kwanza. Vaa hedifoni nzuri, weka "Airbag", kisha mfuate Colin Greenwood peke yake kwenye besi: anapiga noti chache, ananyamaza, anarudi pale usipomtarajia, na kunyamaza kwake ndiko kunakoupa wimbo nafasi ya kupumua. Ngoma unazozisikia ni za Philip Selway, lakini hakuzipiga hivyo moja kwa moja. Walichukua kipande kifupi cha upigaji wake, wakakikatakata na kukipanga upya kwenye kompyuta, kwa kuvutiwa na kazi za DJ Shadow, Mmarekani anayeunda muziki kwa vipande vya rekodi za wengine, ndiyo maana mdundo unakwama kidogo kisha unaendelea.

Ukimaliza hapo, nenda "Let Down". Mwanzoni gitaa la Jonny Greenwood linazunguka kwa hesabu ya tano huku wenzake wakienda kwa hesabu ya nne, hivyo noti zake haziangukii mahali pale pale katika kila mzunguko. Wasikilizaji wengi husema wimbo huo unaelea, na nadhani chanzo chake ni hicho. Kuelekea mwisho, sauti mbili za Yorke zinapopishana, ndipo utakapojua kama albamu hii ni yako au si yako.

Sikio la Zamani

Kwa heshima zote, natofautiana na mchangiaji aliyetangulia. Albamu ni nzuri, sikatai, lakini sifa zake zimezidi uzito wake, na mtu anayehitaji hesabu za mapigo ili aupende wimbo, wimbo huo haujamgusa. The Bends ya mwaka 1995, ambayo ni ya kundi hilo hilo, ina nyimbo zinazokukamata papo hapo, ina magitaa ambayo mleta uzi anayatafuta, na Yorke anatamka maneno yakasikika. Huku kwenye OK Computer, "Electioneering" imekaa kama mgeni aliyekosea mlango, na "Climbing Up the Walls" sijawahi kuisikiliza kwa hiari yangu.

Tena tusisahau kwamba hata wasambazaji wake wa Marekani, walipoisikia mara ya kwanza, walipunguza matarajio yao ya mauzo kwa kuwa hawakuona wimbo wa kupigwa redioni. Mleta uzi hana tatizo la masikio.

Binti Santuri

Kaka Sikio la Zamani, habari ya mauzo umeiishia njiani, kwani Uingereza iliingia moja kwa moja nafasi ya kwanza, na wasambazaji hao hao walilazimika kubadili mawazo.

Mleta uzi, mimi nilivutwa na hayo hayo mashairi unayoambiwa uyaweke kando. Kwa sababu ya jina lake, wengi hudhani albamu inazungumzia kompyuta, lakini kinachojirudia humo zaidi ni safari na mwendo wa kasi. "Airbag" ni ya mtu aliyenusurika ajali ya gari, "Let Down" inafunguliwa kwa barabara kuu na ndege zinazopaa na kutua, "Lucky" inamtoa mtu kwenye ndege iliyoanguka, na "The Tourist", wimbo wa mwisho, unamsihi mtu apunguze mwendo. "Lucky" yenyewe ilirekodiwa mapema, mwaka 1995, kwa ajili ya albamu ya hisani ya kuwasaidia watoto wa vita vya Bosnia, na bado imekaa mahali pake utadhani ilitungwa kwa kazi hii. Zote ni dakika 53, kwa hiyo jipe muda huo mara moja, bila kurukaruka.

Kuhusu "Fitter Happier", usiiruke. Ile ni sauti ya programu ya kusoma maandishi iliyokuwamo kwenye kompyuta za Macintosh, na inakera kwa makusudi. Haifiki hata dakika mbili. Inapokatika, "Electioneering" inaingia na magitaa yake ya fujo, na ukiwa umetoka kusomewa maagizo na mashine, kelele zile zinakuwa nafuu kubwa. Huyo si mgeni aliyekosea mlango, kaka.

Mleta uzi

Nashukuru sana, wakuu. Nimemfuata Colin Greenwood kama nilivyoelekezwa, na "Airbag" nimeielewa kwa mara ya kwanza. "Let Down" nimeirudia kwa kupenda mwenyewe. "Paranoid Android" bado tunavutana. Ila naomba mnieleze zile kelele za mwishoni mwa "Climbing Up the Walls", kwa sababu nilidhani hedifoni zangu zimeharibika.

Mpiga Besi

Hazijaharibika, mkuu. Zile ni fidla 16 ambazo Jonny Greenwood alizipanga zipishane kwa robo ya toni, yaani pengo dogo kuliko lile la vibonye viwili vya piano vinavyofuatana, akimfuata mtunzi wa Poland, Krzysztof Penderecki. Wimbo unahusu kitu cha kutisha kilichojificha ndani ya kichwa cha mtu, kwa hiyo ukihofia, wametimiza walichokusudia. Ukitaka kinyume chake, sikiliza "Exit Music" inavyoanza. Sehemu kubwa ya albamu ilirekodiwa kwenye jumba la kale la St Catherine's Court, karibu na Bath, na mwangwi unaomzunguka Yorke pale ni wa ngazi za mawe za jumba hilo.

Binti Santuri

Nyongeza ndogo ya kiutendaji. Hakikisha huchezi toleo la mwaka 2017 liitwalo OKNOTOK ukidhani lote ndilo albamu yenyewe. Lina nyimbo 23, na albamu inaishia kwenye ule wa 12. Mtu asiyejua huendelea hadi mwisho, kisha analalamika kwamba kazi ni ndefu na haina mpangilio. Baki zake zisikilize siku nyingine, hasa "Lift", ambayo pengine hata Sikio la Zamani ataipenda.

Sikio la Zamani

"Lift" naipenda, dada, na nashangaa hadi leo kwa nini waliiacha nje wakaibakiza ile mashine. Mleta uzi, sikiliza kama ulivyoelekezwa, kisha utuletee mrejesho hapa hapa. Ikikushinda tena, The Bends ipo.