Tupeane uzoefu: Besi inavuma, chanzo ulikikuta wapi?

Mleta mada, Sinza

Wakuu, heshima kwenu. Kila ninapokutana na wapiga besi wenzangu hapa Dar es Salaam, lalamiko ni lile lile: gita linavuma mara tu linapochomekwa, na ushauri wa kwanza anaopewa mtu ni kubadilisha pikapu, yaani kile kifaa chini ya nyuzi kinachonasa mtetemo wake. Ushauri huo siuamini sana, kwa kuwa pikapu nzuri ni ghali, na mara nyingi hubainika baadaye kwamba ile ya zamani ilikuwa nzima. Naomba aliyewahi kuufuatilia mvumo wa namna hii mpaka akaukamata atueleze aliukuta wapi, na alijuaje kwamba ni hapo. Besi yangu ni ya muundo wa Jazz Bass wa Fender, yenye pikapu mbili, nayo huvuma pale tu ninapopunguza sauti ya pikapu moja.

Mpiga besi wa kwaya, Mbagala

Mkuu, kelele ya gita langu haikubadilika hata kidogo niliposhika nyuzi, lakini nilipogusa chuma cha plagi ya kebo ilitulia papo hapo. Tofauti hiyo ndiyo iliyotuonyesha njia. Fundi alifungua brigi, yaani chuma kinachoshikilia nyuzi mwilini mwa gita, akakuta ule waya mwembamba wa ardhi unaotoka kwenye chumba cha vinobu (vile vya kuzungusha kurekebisha sauti), ukapita ndani ya mbao na kulala chini ya brigi, umekatika nchani na shaba yake imeota kutu ya kijani. Aliuchuna upya, akazitandaza nyuzi zake chini ya chuma, akakaza skrubu, kisha akapima kwa mita kutoka kwenye brigi hadi kwenye chuma cha tundu la plagi, na mita ikasoma karibu na sifuri, yaani waya umeungana. Pikapu hazikuguswa.

Fundi, Kinondoni

Alichoeleza ndugu wa Mbagala ndicho kipimo ninachoanza nacho kwa kila gita linaloletwa mezani kwangu, tena kabla ya kushika bisibisi. Ukishika nyuzi na kelele ikapungua, waya wa ardhi umefika kwenye brigi salama; kinachokusumbua ni kwamba mwili wako unanasa kelele za umeme wa chumbani na kuzipeleka kwenye saketi isiyokingwa vizuri. Ukishika nyuzi na kelele ikazidi, shuku kwamba nyaya mbili za tundu la plagi zimebadilishana nafasi, kosa ambalo hutokea sana baada ya mtu kulehemu kwa haraka. Ikiwa hakuna kinachobadilika popote unapogusa, jaribu kwanza kebo nyingine, maana kebo zimewahi kusababisha magita mengi kufunguliwa bila hatia.

Sasa nimjibu mleta mada. Gita lako halina ubovu. Jazz Bass ilipoanza kuuzwa mwaka 1960 ilikuja na pikapu mbili za koili (waya uliozungushwa kuzunguka sumaku) moja moja, na katika magita mengi ya muundo huo koili ya pili huzungushwa kinyume na sumaku zake hugeuzwa, hivyo zote mbili zikifunguliwa sawa mvumo wa moja huufuta mvumo wa nyingine. Ukipunguza moja, mizani inavunjika na unausikia umeme wetu wa hezi 50 waziwazi. Precision Bass, muundo mwingine wa besi wa Fender, ilitatua jambo hilo mwaka 1957 kwa kuigawa pikapu yake katika vipande viwili vinavyofanya kazi hiyo hiyo ya kufutana. Kipimo chake ni rahisi: geuka taratibu ukiwa na gita mwilini, na mvumo ukipanda na kushuka kulingana na upande unaoelekea, hiyo ni koili inayonasa uga wa sumaku wa transfoma iliyo karibu.

Fundi mitambo wa bendi, Temeke

Naomba niongeze jambo la jukwaani, kwa sababu si kila mvumo unatoka kwenye gita. Kumbini nimekuta amplifaya ya besi inachukua umeme kwenye soketi ya ukutani huku miksa ikiwa kwenye jenereta, na mara tulipounganisha kebo kati yake, spika zote zikaanza kuvuma. Tulihamishia vyote kwenye chanzo kimoja cha umeme, mvumo ukakoma. Pasipowezekana kufanya hivyo, kisanduku cha DI (kinachopeleka sauti ya gita kwenye miksa) chenye swichi ya kukata ardhi ya kebo ya sauti mara nyingi hutosha.

Kinachonikera ni tabia ya kukata pini ndefu ya plagi, au kuchomeka kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya pini mbili iingie. Ni kweli kwamba mvumo unaweza kunyamaza, lakini nyuzi za besi zimeunganishwa na bodi, yaani kasha la chuma, ya amplifaya, na bodi hiyo ikipata volti 230 bila ardhi, anayeshika nyuzi huku midomo ikigusa maikrofoni ndiye atakayekuwa njia ya umeme. Mpiga besi wa bendi yangu yeyote anayefanya hivyo hapandi jukwaani.

Mpiga besi, Kigamboni

Kwangu ilikuwa mikwaruzo, si mvumo. Hewa ya chumvi ilikuwa imelila tundu la plagi. Lilisafishwa, likakazwa, na kazi ikaisha.

Mleta mada, Sinza

Nashukuru sana, wakuu. Fundi, je, nikibandika karatasi ya shaba kwenye chumba chote cha vinobu na chini ya pikapu, mvumo huu wa pikapu moja utaondoka?

Fundi, Kinondoni

Hapana, kaka. Shaba huzuia ule mlio mkali unaotoka kwenye taa na chaja za simu, tena kwa sharti kwamba vipande vyake vyote vigusane na viunganishwe na waya wa ardhi, lakini uga wa sumaku wa hezi 50 hupita katika karatasi nyembamba namna hiyo bila kuzuilika. Ukitaka kupiga kwa pikapu moja bila mvumo, itakubidi utafute zile zenye koili mbili ndani ya umbo lile lile. Hapo ndipo fedha ya pikapu mpya inapokuwa na kazi. Kabla hujaitoa, pima kwa mita ukinzani wa hizo ulizonazo kupitia kebo, moja moja, kinobu cha sauti cha inayopimwa kikiwa wazi na cha nyingine kimefungwa: iliyo nzima ya Jazz Bass husoma takriban kilo-omu 7 hadi 8.